“Huyu ni Kama Mtoto Wetu”: Mwajiri Mkatoliki Mbele ya Sheria ya Kazi

Tangu tarehe 1 Januari mwaka huu wa 2026, Amri mpya ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi imeanza kutumika katika nchi yetu. Serikali ilipoitangaza Oktoba 2025, ilieleza kwamba kima hicho kimepanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322, huku kila sekta ikiwa na kiwango chake. Miezi michache kabla ya hapo, katika sherehe za Mei Mosi mjini Singida, watumishi wa umma nao walikuwa wametangaziwa kwamba kima chao kingetoka shilingi 370,000 na kufika shilingi 500,000. Habari hizi zimezungumzwa sana, na si katika vyama vya wafanyakazi peke yake. Zimezungumzwa pia nje ya makanisa yetu baada ya Misa za Dominika, chini ya miembe na kwenye vibaraza vya nyumba za mapadre.

Tuliposikiliza mazungumzo hayo, tuliona jambo moja. Wengi waliotuuliza maswali hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa waajiri: mama mwenye saluni yenye wasichana watatu, mzee mwenye duka la dawa, mwalimu mstaafu aliyefungua shule ya awali, na akina mama wa WAWATA ambao kila mmoja ana msaidizi wa kazi nyumbani kwake. Na swali lao, likivuliwa maneno ya heshima, lilikuwa moja: “Baba, sheria hii inatuhusu na sisi wadogo?”

Inawahusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inamgusa kila mwajiri na kila mwajiriwa wa Tanzania Bara, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. (Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao.) Haimwachi nje mwenye mfanyakazi mmoja, wala haiiachi nje nyumba binafsi. Tena tuseme wazi, kwa kuwa hili ndilo husahaulika: haiiachi nje parokia, shule ya jimbo, zahanati ya masista wala konventi. Mbele ya sheria hiyo paroko ni mwajiri kama waajiri wengine, na ni vema aanze kujitazama yeye kabla hajawahubiria wengine. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 juu ya haki duniani ilikwisha kutukumbusha kwamba anayethubutu kuwaambia watu habari za haki hana budi kwanza kuwa mwenye haki machoni pao.

Kwa hiyo tutaanza na letu. Tunaandika kwa wingi, lakini msomaji asidhani kwamba tunajificha humo. Kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu wenyewe.

Tulipokuwa bado wageni katika uongozi wa parokia, tulimkuta mlinzi aliyekuwa ameitumikia parokia ile kwa miaka 11. Asubuhi moja ya Jumatatu stoo ilikutwa wazi, na mtungi wa gesi pamoja na betri ya sola havikuwamo. Zamu ya usiku ilikuwa yake. Kabla ya kifungua kinywa tulikuwa tumekwisha mwambia akusanye vitu vyake. Tulimpa shilingi 100,000 za nauli, tukamwambia hatutampeleka polisi, tukambariki, akaondoka. Tuseme kweli: siku ile tulijiona wenye huruma. Tuliona tumemsamehe mwizi.

Wiki tatu baadaye tulipokea wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huifahamu kwa kifupi cha CMA. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake huko, naye alikuwa amezihesabu vizuri kuliko sisi. Msuluhishi alikuwa mtu mpole. Alituuliza mkataba wa mtu huyu uko wapi, nasi hatukuwa nao. Hakuna paroko aliyewahi kumwandikia. Aliuliza barua ya tuhuma aliyopewa iko wapi. Aliuliza kikao cha kumsikiliza kilikaa lini, nani alikiongoza, na muhtasari uko wapi. Aliuliza likizo yake ya mwisho ilikuwa lini. Hapo tulimtazama mlinzi, naye alitazama chini. Katika miaka 11 hakuwahi kupewa likizo hata moja, ilhali sheria inampa mfanyakazi siku 28 kila mwaka. Hakuwa mwanachama wa mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Sikukuu zote, Noeli na Pasaka zikiwamo, alikuwa langoni, na malipo ya siku hizo, ambayo kisheria ni maradufu, hayakuwa yamewahi hata kuwaziwa.

Tulipatana palepale kwenye usuluhishi, na parokia ililipa fedha ambazo kamati ya fedha haikutuachia tuzisahau kwa muda mrefu. Tulipokuwa tunatoka, mzee yule alitushika mkono, akasema, “Baba Paroko, ungeniuliza tu.” Mtungi haukupatikana. Hata leo hatujui nani aliuchukua.

Tumelisimulia jambo hili kwa sababu waajiri wengi wanaamini kwamba sheria ya kazi inamkataza mwajiri kumwondoa mfanyakazi mbaya, na kwamba Tume ile iko upande wa wafanyakazi siku zote. Sivyo. Kama mzee yule angekuwa ameiba kweli, sheria ingeturuhusu kumwachisha kazi. Udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kushambulia watu na uzembe uliopita kiasi vyote vimetajwa katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 kuwa makosa yanayoweza kumwondoa mtu kazini hata kama ni kosa lake la kwanza. Kinachodaiwa ni mambo mawili: sababu iwe ya kweli na ya haki, na utaratibu uwe wa haki. Kwanza uchunguzi. Kisha tuhuma ziandikwe kwa maneno anayoyaelewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48, aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake, asikilizwe na mtu ambaye hakuwa sehemu ya ugomvi, na uamuzi utolewe pamoja na sababu zake. Yote haya yanaweza kumalizika ndani ya wiki moja katika ofisi yoyote ya parokia. Hayahitaji wakili. Yanahitaji karatasi, saa mbili za kikao, na moyo ulio tayari kukuta kwamba ulikosea.

Na sisi tuliosoma Maandiko tulipaswa kuyajua haya bila kusubiri kanuni za mwaka 2007. Katika bustani ya Edeni, Mungu asiyefichwa na chochote alimwita Adamu na kumuuliza kabla ya kutoa hukumu. Nikodemo aliwauliza Mafarisayo wenzake iwapo Torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Anayejua yote aliuliza. Sisi ambao hatukujua hata saa mtungi ulipoibwa tulihukumu kabla ya uji kupoa.

Kuna jambo jingine ambalo mapadre wenzetu huweza kulipita haraka. Sheria za Kanisa zenyewe zinatufunga. Kanuni ya 1286 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kuzishika kwa uangalifu sheria za nchi juu ya kazi na maisha ya jamii katika kuwaajiri watu, na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki unaowatosha wao na wanaowategemea. Hivyo paroko asiyewasilisha michango ya mpishi wake hajakosa mbele ya NSSF tu. Amevunja pia sheria ya Kanisa ambalo kwa jina lake anaongoza parokia. Hatukumbuki kama kanuni hiyo ilipewa zaidi ya dakika kumi wakati wa masomo yetu ya seminari. Kanuni za ndoa tulizisoma muhula mzima.

Sasa twende majumbani, maana huko ndiko waajiri wa Kikatoliki walio wengi waliko, hata kama wenyewe hawajiiti waajiri.

Msichana anatoka kijijini, mara nyingi kupitia kwa shangazi au kwa mtu wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Analala nyumbani, anakula nyumbani, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Ukimuuliza mwenye nyumba habari za mshahara, mkataba au siku ya mapumziko, utapata jibu ambalo tumelisikia mara nyingi kiasi cha kuliogopa: “Baba, huyu hatumchukulii kama mfanyakazi. Huyu ni kama mtoto wetu.” Neno hilo husemwa kwa upendo wa kweli, nasi hatutaki kulidhihaki. Ziko nyumba ambazo binti wa namna hiyo amesomeshwa ushonaji, ameozwa kwa heshima, na hata leo huja Noeli na watoto wake kusalimia. Lakini tulipimeni neno lenyewe. Mtoto wetu hatumkati mshahara akivunja sahani. Mtoto wetu akiugua homa, hatumpandishi basi arudi kwao. Mtoto wetu wa miaka 13 tunampeleka shule, wala hatumpi mtoto wa jirani ambebe mgongoni. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na anayefikia umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Kama kweli ni mtoto wetu, basi tumpe ya mtoto yote. Na kama ni mfanyakazi, tumpe ya mfanyakazi yote. Kinachotokea katika nyumba nyingi ni kwamba huitwa mtoto inapofika zamu ya kulipwa na mfanyakazi inapofika zamu ya kupumzika.

Ya mfanyakazi ni yapi? Siku za kazi zisizozidi sita kwa wiki, saa zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Akiugua ana haki ya likizo ya ugonjwa. Akiondolewa, anapewa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza ni siku 28. Akiwa alitolewa mbali, nauli ya kumrudisha alikotolewa ni juu ya mwajiri. Kuhusu kukatwa mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika, hilo halifanywi kwa hasira ya siku ile: lazima kosa liwe lake kweli, limetokea akiwa kazini, naye apewe nafasi ya kujieleza, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wake. Tunawafahamu wasichana waliofanya kazi miezi miwili kulipia simu iliyoangukia kwenye ndoo ya maji.

Juu ya kiasi chenyewe, Amri ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri, nayo ya mwaka 2022 ikapandisha hadi 60,000. Kwa asiyelala kwa mwajiri ikawa 120,000. Kila mwajiri aitafute amri mpya katika ofisi ya kazi iliyo karibu naye na kuangalia kiwango kinachomhusu. Lakini tunapenda kusema neno juu ya wale wanaosema, “Tulikubaliana naye elfu arobaini, na mwenyewe aliridhika.” Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2434, inafundisha kwamba makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuuhalalisha kimaadili ujira uliotolewa. Sababu yake ni rahisi kuiona. Msichana aliyeshuka basi saa kumi na mbili jioni Ubungo au Mbezi, hana ndugu mjini na simu yake haina salio, ataridhika na chochote. Papa Leo wa XIII aliliona jambo hilo katika waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alipokuwa anawatazama wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya: kwamba mtu akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida au kwa kuogopa mabaya zaidi, amekuwa mhanga wa nguvu na udhalimu. Baba Mtakatifu Leo wa XIV, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya waraka huo. Si historia tu, basi.

Tutaligusa sasa jambo ambalo pengine litawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, nalo ni mfanyakazi mwanamke asiye na ndoa anayepata mimba akiwa katika taasisi ya Kanisa. Tumesikia, na katika mahali pamoja tumeshuhudia, mwalimu au muuguzi akiombwa “aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe” ili kulinda jina la taasisi. Kwa sheria ya nchi, mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na barua iliyoandikwa kwa kushinikizwa haimpi mwajiri kinga. Mwanamke huyo anastahili likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi anapewa muda wa kunyonyesha unaofikia saa mbili kwa siku. Baba wa mtoto, tukiachia hilo kando, ana siku tatu, na mara nyingi katika visa hivi hakuna anayemuuliza chochote.

Lakini hebu tuliache hilo la sheria ya nchi. Sisi ndio tunaowaambia waamini kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Binti aliyeajiriwa nasi anapogundua kwamba ana mimba, anasimama kwenye njia panda: akiitunza, kazi imekwenda, akiitoa kwa siri, Jumatatu ataingia darasani kama kawaida na hakuna atakayejua. Taasisi inayomfukuza aliyeitunza mimba imemwambia kila msichana mwingine anayetazama nini cha kufanya. Tunajua hoja ya mfano mbaya kwa wanafunzi, nasi hatuidharau. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki ana wajibu wa kuishi anachofundisha, na mazungumzo ya kichungaji yanaweza na yanapaswa kufanyika. Ila mwanafunzi anayeona mwalimu wake akilindwa na mtoto wake akipokewa, naye anajifunza kitu, na kitu hicho kimo katika Injili.

Hali ya makatekista na wale tunaowaita “wanaojitolea” ni ngumu zaidi, na hatuna jibu la kuwatosheleza wote. Kuna kujitolea kwa kweli: mwanakwaya anayekuja mazoezini, mama anayefua nguo za altare Jumamosi. Huyo anampa Mungu muda wake, naye ana riziki yake kwingine. Lakini yuko anayefika ofisini kila siku saa mbili, anayeagizwa na kukaripiwa, anayeomba ruhusa akitaka kwenda msibani, na mwisho wa mwezi hupokea kitu kinachoitwa “posho”. Sheria haidanganyiki na jina. Inataja dalili kadhaa za ajira, kama vile mtu kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa zake, kumtegemea huyo kwa riziki, kupewa vifaa naye, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dalili mojawapo ikionekana, hudhaniwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kadhalika mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira mbele ya Tume au Mahakama, mzigo wa kuthibitisha kile walichokubaliana huwa juu yake, si juu ya mfanyakazi. Karatasi tunayoikwepa ili tusifungwe ndiyo ambayo ingetulinda.

Wapo waajiri werevu waliogundua kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Humwondoa mtu mwezi wa tano na kumrudisha baada ya wiki mbili. Wapo wenye shule wasiowalipa walimu Desemba kwa sababu wanafunzi wako likizo. Na wapo, hili ni baya kuliko yote, wanaomkata mfanyakazi asilimia 10 ya NSSF kila mwezi kwenye hati ya mshahara wala hawaiwasilishi. Pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyeibiwa miaka minne ya michango atakuja kujua siku ambayo hana tena nguvu za kuanza upya. Mtume Yakobo aliandika juu ya ujira uliozuiliwa wa wavunaji ambao kilio chao kimemfikia Bwana wa majeshi, na Kanisa limeihesabu dhuluma kwa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, katika orodha moja na kumwaga damu ya Habili. Tunaungamisha kila Jumamosi. Dhambi hiyo hatujaisikia mara nyingi.

Tunajua mtakachosema, kwa kuwa tumekisema na sisi: fedha hazipo. Sadaka ya kigango cha wakulima mwezi Februari haifiki hata mshahara wa mtu mmoja. Saluni ya wasichana watatu inalipa pango, umeme, leseni na kodi kabla mwenyewe hajala. Ni kweli, na hatupendi mahubiri yanayopita juu ya ukweli huo kana kwamba haupo. Mwajiri mdogo anaweza kuwa maskini karibu sawa na anayemwajiri. Pamoja na hayo, mengi katika sheria hii hayana gharama. Mkataba wa kurasa mbili hauna gharama. Kumsikiliza mtu kabla ya kumfukuza hakuna gharama. Kumpangia likizo mlinzi kunahitaji mtu wa kushika zamu yake, jambo ambalo vijana wa VIWAWA wangelifanya kwa wiki nne kama wangeombwa. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni nusu ya asilimia moja ya mshahara, na ndiyo utakaomtunza fundi akianguka kutoka paa la kanisa. Asiyejisajili hubaki na mzigo huo peke yake. Na palipo na upungufu wa kweli, ni heri kuwa na wafanyakazi wanne wanaolipwa kwa haki kuliko saba wanaopewa posho, ingawa tunakiri kwamba ni rahisi kuliandika hili kuliko kumwita mmoja wa wale saba ofisini. Hata kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake: kuwajulisha mapema, kuwaeleza sababu, na kushauriana nao juu ya njia nyingine kabla ya kuamua. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi analipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi.

Katika parokia tunayoitumikia sasa tulichukua karibu mwaka mzima kuyaweka mambo haya sawa, na bado hayajakaa sawa yote. Tuliketi na Halmashauri ya Walei na kamati ya fedha, tukahesabu watu: mpishi, walinzi wawili, mtunza bustani, karani wa ofisi, mwalimu wa chekechea, na katekista. Tulikuta deni la likizo ambalo hatukuweza kulilipa kwa mkupuo, tukakubaliana nao kwa maandishi kulilipa kidogo kidogo. Mjumbe mmoja wa kamati, mwenye nia njema kabisa, alisema kwamba mikataba itawafanya wafanyakazi wawe na kiburi. Mpaka sasa hatujakiona. Tulichokiona ni kwamba mpishi alianza kusema wazi sufuria inapovuja.

Katekista ndiye aliyekuwa wa mwisho kusaini. Ni mtu wa makamo, ameendesha ibada za Dominika vigangoni kabla sisi hatujapata upadrisho, na anafahamu kila kaburi la parokia. Alichukua mkataba nyumbani, akakaa nao siku nne, akarudi nao umekunjwa ndani ya kitabu chake cha ibada. Alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye kipengele cha likizo.

“Baba,” alisema, “hizi siku 28. Nikiwa sipo, nani atazika?”

Tulimjibu kwamba tutazika sisi. Alitutazama kidogo, kama mtu anayepima iwapo tunazijua njia za kufika vigango vyote sita, kisha akaomba kalamu.